Waya Usio na Mwenzake

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na uzigawe hapo nyumbani kwa haki: wifi apate fungu lake, watoto wapate lao, na litakalobaki ni lako. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba ukiingia chini ya gari unahitaji watu wawili wakuvute miguu ndipo utoke, nami nikacheka, lakini baada ya kukata simu nilibaki na wasiwasi. Nenda ukaonwe na daktari, na usijidanganye kwamba grisi inatibu kila kitu. Mama hajambo. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa jicho anaona hata vumbi lililo juu ya kabati langu, na ananiambia. Ameniagiza nikuulize kwa nini siku hizi simu yako inaita tu bila kupokelewa. Mimi ni mzima wa mwili.

Nasema wa mwili kwa sababu roho yangu imechafuka. Nikisimama darasani natoa sauti ambayo wanafunzi wangu hawaijui. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kidole, siku ile nilipotia kidole kwenye soketi ya sebuleni nikarushwa hadi kwenye kochi, ukasema mtoto aliyeonja umeme mapema namna ile hatakuja kuogopa kitu. Basi naomba uisome barua hii mpaka mwisho wake. Usiisome mteja akiwa amekusimamia, na usimpe wifi akusomee.

Nianze na umeme wenyewe. Shule yetu ilipewa paneli za sola na betri kwa ajili ya vitu viwili tu, maabara yangu na ukumbi ambamo wasichana wa bweni wanajisomea jioni. Betri ziko kwenye kichumba kilichopakana na maabara. Zilifanya kazi vizuri bila maneno. Lakini tulipofungua muhula huu baada ya likizo ndefu, taa za ukumbini zikaanza kufifia wasichana wakiwa hawajamaliza hata ukurasa, halafu zikazimika. Mkuu wa shule akasimama mbele ya gwaride akatangaza kwamba betri zinamalizwa na wasichana wanaochaji simu kwa siri. Magodoro yakapinduliwa, masanduku yakamwagwa sakafuni, wasichana wakubwa wakasimamishwa nje huku nguo zao za ndani zikitazamwa na kila apitaye. Haikupatikana simu hata moja.

Kilichopatikana ni sumaku. Ilikuwa kwenye sanduku la msichana mmoja ambaye shule nzima inamwita Mbona, kwa kuwa hajui kuanza sentensi kwa neno lingine. Mbona mwezi unatufuata tukitembea, mbona waya wa shaba hauvutwi na sumaku lakini ukitiwa umeme unaisukuma. Sumaku yenyewe aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa nyumbani kwao. Mama yake anashona sare za shule, na alikuwa akiitumia kuokotea sindano zilizoanguka, mpaka binti alipomwomba aje nayo. Mkuu wa shule aliichukua akaifungia kwenye droo ya meza yake. Likumbuke hilo la droo, Kaka, maana ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Ukaja mtihani wa majaribio wa vitendo. Unalijua jaribio lenyewe, nilikuonyesha mezani kwa Mama miaka ile nikiwa chuoni, ukaniambia ni mchezo wa watoto. Unaweka dira mezani, unausubiri mshale utulie ukitazama kaskazini, halafu unapitisha waya juu yake sambamba na mshale. Swichi ikiwa wazi, hakuna kinachotokea. Ukiifunga, umeme ukapita kwenye waya, mshale unageuka kama mtu aliyeitwa jina. Ukigeuza betri, unageukia upande wa pili. Hakuna kilichougusa. Umeme unaopita kwenye waya unauzungushia waya huo usumaku, nao mshale unautii. Mimi nimelifundisha jambo hilo miaka yote na bado nikiuona ule mshale ukigeuka nafurahi kama nimeona mgeni wangu stendi.

Mbona alipangiwa meza ndefu ya ukutani. Kabla hajaigusa swichi, mshale wake ukahama. Ukakaa upande, ukabaki hivyo kwa muda, halafu ukarudi kaskazini wenyewe, naye mikono yake ilikuwa magotini. Wenzake wanne waliokaa meza ileile waliyaona hayohayo, na baadaye walinikiri kwamba waliandika jibu lililo kwenye kitabu. Yeye akaandika alichokiona, kwamba mshale umepinda kabla ya umeme kuwashwa na umerudi bila kuguswa, halafu akanyoosha mkono kuuliza mbona. Msimamizi siku ile alikuwa mkuu wa shule. Aliinama akasoma, nikamwona uso unambadilika. Akaichukua ile karatasi, akamtoa nje, akasema msichana ana sumaku mwilini na anawaharibia wenzake mtihani.

Nilimfuata ofisini nikamkumbusha kwamba sumaku ya yule mtoto iko kwenye droo yake mwenyewe, umbali wa mkono kutoka alipokaa. Akanijibu, bila hata kupepesa macho, kwamba aliyekuwa na moja hakosi ya pili. Walimpekua tena, hawakuona kitu. Bado akaandikiwa kosa la udanganyifu, akarudishwa kwao, na jina lake likapendekezwa liondolewe kati ya watahiniwa wa mtihani wa taifa. Yaani msichana pekee aliyeandika ukweli katika chumba kile ndiye atakayekosa mtihani. Nilipomsindikiza getini hakulia. Aliniuliza tu mbona alipoandika kitu ambacho hakukiona, mwaka jana, nilimpa alama zote.

Basi nikaenda kukaa maabara peke yangu mchana, na dira yangu juu ya meza ileile, nikijifanya nasahihisha madaftari. Haukupita muda mrefu, mshale ukahama. Ukakaa. Ukarudi. Baadaye ukahama tena. Nikaichukua dira nikatembea nayo mezani kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, na kila nilipoiweka ulipinda upande uleule. Chini ya meza hiyo kuna ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani. Niliukuta nilipotoka likizo, na kwa ujinga wangu nilimshukuru mkuu wa shule kwa kuipendezesha maabara. Akasema si kitu, mwalimu, tunajitahidi.

Ule ubao unaelekea upande wa nyumba yake. Na nyumbani kwake, Kaka, muhula huu mkewe anauza soda baridi na barafu kupitia dirisha la jikoni, foleni ya wanafunzi inafika hadi kwenye mnazi wa bendera, samahani, mlingoti, hata maneno yananiponyoka nikikumbuka. Nilimwomba mwalimu wa kemia akae na dira, nami nikaenda kununua soda. Tulikubaliana kwamba nikisikia friza inaanza kunguruma nitapunga leso aione kupitia dirisha la maabara, naye atazame mshale. Friza ikanguruma, nikapunga. Ikanyamaza, nikapunga tena. Niliporudi alikuwa amekodoa macho kama aliyeona jini, akanihakikishia kwamba mshale ulihama na kurudi kwa kufuata leso yangu. Wasichana wanakaa gizani, wanapekuliwa magodoro, halafu wanatoa hela zao wenyewe kununua ubaridi wa umeme wao. Soda niliyonunua niliimwaga kwenye sinki la maabara.

Nikaandika barua kwa bodi ya shule. Hapa utanicheka, na ni haki yako. Kwa utaratibu wetu, barua ya mwalimu kwenda kwa bodi lazima ipitie kwa mkuu wa shule, aisome na kuandika maoni yake. Mimi mtu wa taratibu nikaipitisha barua ya kumshtaki mtu mikononi mwa mtu huyohuyo. Aliipokea kwa tabasamu na akaigonga muhuri.

Bodi ilikuja wiki iliyopita. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, si mtu wa kudanganywa kirahisi, nami nilijipa moyo. Niliweka dira tano juu ya meza ya ukutani. Mishale yote mitano ikatazama kaskazini, imetulia kama askari wa gwaride. Tukangoja. Wakubwa wakaanza kutazama saa. Mkuu wa shule akaniuliza kwa upole kama ningependa kiti. Nikamgeukia mwalimu wa kemia aeleze alichokiona, naye akasema siku ile hakuwa amevaa miwani. Kaka, mtu huyo huvaa miwani hata akipiga mswaki.

Nikaomba bisibisi nikaubandua ule ubao mbele yao. Waya ulikuwepo, mwekundu, mnene, umepita ukutani umefungwa kwenye misumari. Upande wa nje ulikuwa umekatwa, na tundu limezibwa kwa simenti ambayo bado ilikuwa mbichi. Mkuu wa shule akasema alikuwa anaziba njia za panya. Kuhusu waya akacheka, akawaambia wakubwa kwamba hayo ni mabaki ya wajenzi wa zamani, na kwamba hata mtoto anajua umeme unahitaji nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi. Huu ni mmoja, basi umefika wapi na umerudi vipi. Wakubwa wakamwitikia kwa vichwa. Mbona na mama yake, walioitwa kusikiliza, walikuwa wamesimama mlangoni, mama ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, na jicho langu lilikuwa karibu na ule waya kuliko la mtu yeyote. Nikasimama, nikapangusa magoti, nikasema sina. Mbona alinitazama jinsi anavyotazama jaribio lililokataa. Mwenyekiti akasema watakaa tena Ijumaa ijayo kuamua, na kwamba kama hakuna ushahidi mwingine, pendekezo la mkuu wa shule litapita.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza, ingawa nadhani unajua tangu uliposoma kwamba waya ulikuwa mmoja.

Baba, Mungu amrehemu, alipotandika nyaya kwenye nyumba za watu alizipeleka mbilimbili, amezisokota pamoja kama nywele. Alifanya hivyo kwa unadhifu tu, hakuwa na habari ya sumaku. Mimi ndiye niliyekuja kuona shuleni kwamba nyaya za kwenda na kurudi zikikaa bega kwa bega, usumaku wa mmoja unaufuta wa mwenzake, na dira haihisi kitu. Fundi wa majumba angepeleka nyaya mbili pamoja nyuma ya ubao ule, na hadi leo mimi ningekuwa nasahihisha madaftari bila kujua. Lakini kwenye gari kila taa hupelekewa waya mmoja tu, na kazi ya kurudisha umeme huachiwa bati la gari. Jana niliingia kwenye kichumba cha betri na tochi. Kwenye upande wa hasi kuna kibanio kimefungwa kwenye bomba la chuma la maji, lile linalozunguka nyuma ya jengo hadi jikoni kwa mkuu wa shule. Mtu ameifunga shule yetu umeme kana kwamba ni lori.

Hata hivyo ningeweza kujidanganya kwamba mafundi wa magari ni wengi. Kilichonikata ulimi ni mafundo. Kwenye kila msumari waya umefungwa kwa uzi uliotiwa nta, umezungushwa mara mbili, mkia umepita chini, halafu ncha imekunjwa na kurudishwa ndani ili isimkwaruze mtu. Hilo ni fundo la Baba. Vibarua wake aliwaachia vibanio vya dukani. Fundo lile alitufundisha sisi wawili, kwenye meza ya jikoni, kwa kamba ya viatu vyake, na wewe ulilipata kabla yangu ukanicheka hadi nikalia.

Ni mimi niliyempa mkuu wa shule namba yako, gari lake lilipokataa kuchaji. Ilikuwa likizo, nami nilikuwa hospitalini na Mama kwa ajili ya jicho lake. Ulinipigia ukaniambia kazi imekwisha, na kwamba mzee yule ni mkarimu, amekukaribisha hadi ndani, amekupa soda baridi. Nami nikafurahi kwamba nimekupatia mteja. Hukunitajia ubao wala waya. Sijui alikuambia nini. Labda alikuambia paneli ni zake. Labda hukuuliza, kwa kuwa mtu anayekupa soda baridi huwezi kumuuliza friza yake inakula wapi. Lakini Kaka, ulipita na waya wako ndani ya maabara ya mdogo wako, ubao wa kufundishia umeandikwa kwa mwandiko wangu, na ukapigilia misumari. Nimekasirika na yule mtu, nimekasirika na mwenye miwani, lakini hasira ya kunikosesha usingizi ni yako wewe.

Na kuna hasira nyingine, ya kwangu mimi mwenyewe. Nilipoliona lile fundo nilikuwa na mtoto mlangoni na kaka ukutani, nikachagua ukuta. Nimejaribu kujieleza kwamba nilipigwa na butwaa. Si kweli. Nilichagua, na yule mtoto aliniona nikichagua.

Nimemwambia Mama. Nilidhani atanisihi nikae kimya, wewe ni kifungua mimba wake na anakupenda waziwazi, haoni hata aibu. Aliniomba nimfungie lile fundo alione. Nikalifunga kwenye mguu wa kiti. Akalipapasa kwa kidole muda mrefu, akaniuliza yule msichana mama yake anafanya kazi gani. Nikamwambia anashona. Akainuka akaenda kulala bila kula.

Kwa hiyo sikuandikii kukuomba ruhusa. Ijumaa nitasimama mbele ya bodi na uzi na msumari. Kile kibanio cha bombani peke yake hakitoshi, atasema nimekifunga mimi baada ya kikao. Nitalifunga fundo la Baba kwa mikono yangu, waone kwamba hili na lile la ukutani ni moja, na kwamba halikufungwa na mjenzi yeyote wa zamani. Nitawaambia tunaolijua duniani tumebaki wawili. Jina lako sitalitaja. Wataniuliza ni nani kati ya wawili hao aliyepitisha waya, na hapo nitanyamaza, maana hilo ni swali lako. Usipokuwepo, mkuu wa shule hatashindwa kulijibu: maabara ni yangu, funguo ni zangu, fundo ni langu. Mbona atarudi darasani, kwa kuwa waya utakuwa umepata mwenyewe. Mimi nitaondoka shuleni kama mwizi wa umeme wa watoto. Hesabu hiyo nimeipiga na nimeikubali.

Basi la asubuhi linakufikisha hapa kabla ya kikao. Kama ulidanganywa, njoo useme ulidanganywa. Kama ulijua, njoo useme ulijua. Njoo na nguo za kazi, usijisumbue kuvaa suti, na njoo na bisibisi, kwa kuwa waya ule lazima utolewe na aliyeufunga, na betri zilizochoshwa na friza zinahitaji fundi, maana wasichana bado wanasubiri taa zao.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka na kwamba yule mdogo asitie vidole kwenye soketi. Mama anakusalimu. Amesema simu yako hata usipoipokea yeye ataendelea kuipiga, na kwamba Ijumaa atapika chakula cha watu watatu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Kidole